Kufika Salama Si Hoja

Wachukuliwe watu wanane, makundi mawili ya wanne wanne, asubuhi moja ya mwezi wa Februari katika milima ya Alpi. Usiku wa kuamkia siku hiyo theluji imeanguka kwa wingi na upepo umevuma. Kumepambazuka mbingu imesafika na jua linameremeta juu ya weupe usio na doa. Kundi la kwanza, likiwa juu ya skii zake, linaukata mteremko mmoja mkali, linafika ng'ambo, linashuka hadi bondeni na kuketi kunywa kahawa. Nusu saa baadaye kundi la pili linapita pale pale, kwa ujuzi ule ule, kwa vifaa vile vile na kwa nia ile ile. Safari hii theluji inakatika chini ya miguu yao, na upande mzima wa mlima unawafuata. Jioni, watu wa bondeni wanalitaja kundi la pili kwa masikitiko yaliyochanganyika na lawama: walikuwa wazembe, hawakusikia, walijitakia. Kundi la kwanza halina anayelitaja.

Je, kundi la kwanza lilifanya nini kilichokuwa bora zaidi? Ukweli ni kwamba halikufanya lolote. Uamuzi ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni matokeo. Hapa ndipo linapozuka swali linalostahiki kuzingatiwa hata na msomaji ambaye hajapata kuigusa theluji maishani mwake: je, kufika salama ni ushahidi wa kwamba njia ilikuwa sahihi? Na kama si ushahidi, basi mwanadamu ajifunze kwa kipi, na alaumiwe kwa lipi?

Kabla ya kulijibu swali hilo, ni lazima kwanza kuijua tabia ya theluji yenyewe. Kwa anayeitazama kwa mbali, theluji ya mlimani ni kitu kimoja, cheupe na kimya. Kwa hakika ni kitabu cha kurasa nyingi zilizolaliana. Kila dhoruba huongeza ukurasa wake. Kila upepo, kila jua na kila usiku wa baridi kali huandika juu ya ukurasa huo. Yapo matabaka yanayoshikamana yakawa kama ukuta. Yapo mengine ambayo baridi huyageuza chembe zisizoshikana, mfano wa sukari kwenye gunia. Na katika usiku usio na mawingu huota juu ya uso wa theluji umande ulioganda, fuwele nyembamba kama manyoya, zipendezazo macho kuliko kitu chochote mlimani. Theluji mpya inapokuja kuzifunika, fuwele hizo hubaki chini zikiwa tabaka dhaifu ambalo jicho haliwezi tena kuliona.

Juu ya tabaka dhaifu kama hilo hulala bamba zito lililobanwa na upepo. Bamba likiwa juu ya mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 hivi, linangoja mzigo mdogo tu. Uzito wa mtu mmoja watosha. Tabaka la chini hunyong'onyea mahali pamoja, ufa hukimbia pande zote kwa kasi isiyokimbilika, na bamba lote hung'oka kwa mara moja. Katika sekunde chache theluji hiyo huweza kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa, na zaidi. Inaposimama, hujifunga kama saruji: aliyefukiwa aghalabu hawezi kuunyanyua hata mkono wake mwenyewe.

Jambo la kutia fikira zaidi ni kwamba balaa hili, kwa wale wanaokwenda milimani kwa matembezi, haliwatokei kwa mbali. Takriban maporomoko tisa katika kila kumi yanayowaua wasafiri wa aina hiyo huanzishwa na muathirika mwenyewe au na mwenziwe katika msafara. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mlima hauwarushii watu hawa mawe kwa kuvizia. Wao wenyewe huubonyeza mahali penye jeraha.

Pamoja na hayo, theluji si kimya kabisa. Ina ishara zake, na wajuzi wamezifunza kwa vizazi: maporomoko mapya katika miteremko ya jirani, nyufa zinazokimbia mbele ya skii, mngurumo mzito, kama mtu anayeshusha pumzi chini ya ardhi, pale tabaka linapozama, theluji nyingi iliyokuja kwa muda mfupi, upepo uliohamisha theluji kutoka upande mmoja wa kilima hadi wa pili, joto lililopanda kwa ghafla. Huko Davos, Uswisi, utafiti wa mambo haya ulianza katika kibanda juu ya Weissfluhjoch mwaka 1936, na taasisi maalumu ikaundwa mwaka 1942. Mwaka 1993 nchi za Ulaya zilikubaliana kutumia vipimo vya hatari vya aina moja, vyenye daraja 5. Kila siku ya majira ya baridi taarifa hutolewa, na yeyote aweza kuisoma kabla ya kuvaa viatu vyake.

Watu wapatao 100 hufa kwa maporomoko ya theluji kila mwaka, kwa wastani, katika milima ya Alpi ya Ulaya. Mtu angetazamia kwamba vifo vingi vitokee siku za daraja la 5, siku za kiama. Sivyo. Takriban nusu yake hutokea siku za daraja la 3, hatari iliyo katikati. Siku za hatari kuu, hata mjinga hubaki nyumbani. Daraja la 3 ndilo lenye hila: hatari ni ya kweli, lakini haikuonyeshi uso wake, na wengi wapitao hupita salama.

Hapo ndipo fumbo lenyewe lilipo. Katika kazi nyingi mwanadamu hufunzwa na makosa yake. Mpishi akizidisha chumvi, ulimi humwambia papo hapo. Seremala akipima vibaya, mlango haufungi. Theluji haifundishi hivyo. Mtu aweza kukosea mara 50 na mara zote 50 akafika salama, kwa sababu mahali alipokanyaga palikuwa hatua mbili kando ya mahali palipo dhaifu. Kila mara anaporudi nyumbani, kosa lake huandikwa moyoni mwake kama ujuzi. Mwanasaikolojia Robin Hogarth, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu malezi ya hisia za kujua, alitofautisha mazingira yanayomfunza mtu kwa wema na yale yanayomfunza kwa uovu, yaani yale ambayo jibu lake hupotosha. Theluji ni mwalimu wa aina hii ya pili: humsifu mwanafunzi kwa kosa, kisha siku moja humwadhibu bila ya kumweleza sababu.

Kwa hiyo uzoefu, ambao kila mahali huheshimiwa kama mama wa hekima, hapa huweza kuwa mama wa ghururi. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani, Ian McCammon, alichapisha uchambuzi wa ajali 715 za maporomoko zilizowapata watu waliokuwa katika matembezi nchini mwake kati ya mwaka 1972 na 2003. Alichokiona ni kwamba wengi wa walioangamia hawakuwa watu wasiojua. Ishara zilikuwapo, tena nyingi zilikuwa dhahiri, na katika misafara mingi walikuwamo waliosoma elimu ya maporomoko. Kilichowapoteza ni njia za mkato za akili. Mahali palikuwa pamezoeleka, kwa hiyo palionekana pa salama. Msafara ulikuwa umeshajifunga na lengo, kwa hiyo kurudi kulionekana kushindwa. Alikuwapo mmoja aliyedhaniwa mjuzi, kwa hiyo wengine waliacha kufikiri. Watu walitaka kuonekana mbele ya wenzao, au walitaka kuwahi theluji mbichi kabla hawajaigusa wengine. Nyayo za waliotangulia zilikuwa tayari zimechorwa mteremkoni.

Nyayo hizo zinastahiki neno la peke yake. Usisafirie nyota ya mwenzio, husema Waswahili, na methali hiyo ya mabaharia inaeleza kwa maneno manne yale ambayo wachunguzi wa theluji wamehitaji majedwali kuyathibitisha. Nyayo za aliyepita ni habari ya kwamba alipita. Hazina habari nyingine. Hazisemi kama alijua, wala hazisemi kama theluji iliyombeba yeye itambeba wa tano. Huenda yeye ndiye aliyeanza kuichosha.

Sasa swali la lawama. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, walilijadili jambo waliloliita bahati ya kimaadili. Nagel alionyesha kwamba watu hudai kuwahukumu wenzao kwa yale yaliyo katika uwezo wao tu, kisha kwa matendo huwahukumu kwa yaliyo nje ya uwezo huo. Dereva mzembe asiyemkuta mtoto barabarani huonywa. Dereva mzembe wa namna ile ile aliyemkuta huitwa muuaji. Mtoto kuwapo au kutokuwapo hakukuwa kazi ya dereva.

Milima imeshalifikisha suala hili mahakamani. Tarehe 9 Februari 1999, katika kitongoji cha Montroc, bonde la Chamonix, Ufaransa, poromoko lilizifunika nyumba na kuua watu 12. Mwaka 2003 mahakama ilimtia hatiani meya wa mji kwa kutowahamisha wakaazi, ikampa adhabu ya kifungo cha miezi 3 ambacho hakikutekelezwa. Haki ya hukumu ile na iachiwe wanasheria. La kuzingatiwa ni hili: lau theluji ile ingebaki mlimani, uamuzi ule ule wa meya usingemfikisha mbele ya hakimu yeyote, na pengine ungesifiwa kwa kutowasumbua watu bure. Wiki mbili baadaye, tarehe 23 Februari, poromoko jingine liliua watu 31 katika kijiji cha Galtür nchini Austria, na baadhi ya nyumba zilizovunjwa zilikuwa mahali palipohesabiwa kuwa pa salama. Basi yapo maafa ambayo ujuzi wa wakati wake haukuyafikia, na yapo ambayo ujuzi uliyafikia lakini nia haikuufuata. Kuyachanganya mawili haya ni kuwadhulumu maiti wa aina ya kwanza na kuwasamehe mno walio hai wa aina ya pili.

Kutokana na hayo, wako wanaofikia kauli nyepesi: maadam bahati ndiyo inayoamua, lawama zote ni upuuzi. Ajali haina kinga, husemwa. Lakini methali hiyo hutumiwa vibaya inapowekwa mbele ya tendo badala ya kuwekwa baada yake. Kwa aliyefiwa, ni faraja. Kwa anayefunga skii zake, ni kisingizio. Kukiri kwamba matokeo hayamo mikononi mwa mtu hakuondoi dhamana. Kunaihamisha tu, kutoka kwenye matokeo hadi kwenye uamuzi wenyewe. Na mizani hiyo mpya ni nzito zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu inawafikia hata waliofika salama. Kundi la kwanza, lile lililokunywa kahawa yake bondeni, nalo lina la kujibu. Halikuua wala halikufa; lakini lilihatarisha kile kile kilichohatarishwa na wenzao, na liliacha nyuma yake nyayo.

Hapo huja pingamizi la pili, nalo ni la heshima zaidi. Nafsi ni ya mwenyewe, husema watetezi wa milima. Mtu mzima anayejua hatari na kuichagua hamdhulumu yeyote. Tena yapo mambo mema, uzuri, upweke, kujipima, yasiyopatikana ila kwa kuikaribia hatari. Aliyeishi bila ya kuthubutu lolote amehifadhi nini?

Pingamizi hili lina ukweli, na haifai kulipuuza. Hakuna hoja ya maana inayomtaka kila mtu abaki bondeni. Ila linamfaa mtu mmoja tu, yule anayekwenda peke yake, asiyetazamiwa na yeyote, na ambaye hakuna atakayemtafuta. Mtu wa namna hiyo ni nadra kuliko inavyodhaniwa. Wengi huenda kwa msafara, na msafara hubadilisha sura ya jambo.

Kwanza, katika msafara, uhai wa kila mmoja uko mikononi mwa wenziwe kwa maana iliyo wazi kabisa. Kila mmoja huvaa kifaa kidogo cha redio kinachotuma na kupokea mawimbi, na hubeba ufito wa kudungia theluji na koleo la kuchimbia. Ufito na koleo havimsaidii aliyevibeba, vinamsaidia mwenziwe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 kwa kumbukumbu za Uswisi ulionyesha kwamba waliofukiwa kabisa na kutolewa ndani ya dakika 15 wengi mno walikuwa hai, kiasi cha watu 92 katika 100. Kufikia dakika ya 35 walibaki 30 hivi. Uchunguzi wa mwaka 2024 uliipunguza hata ile muhula ya mwanzo kuwa dakika 10. Katika muda huo hakuna helikopta inayofika. Wapo tu wale watatu waliosimama, na mikono yao.

Pili, wapo waokoaji. Tarehe 4 Februari 2020, katika wilaya ya Bahçesaray, mkoa wa Van nchini Uturuki, poromoko lilifukia basi dogo. Siku ya pili, waokoaji wakiwa kazini, poromoko jingine liliwaangukia. Waliokufa kwa jumla walikuwa watu wapatao 40, na wengi wao ni wale waliokuja kuokoa. Abiria wa basi lile hawakuwa watalii wala hawakutafuta hatari, hawana lawama. Lakini mfano wao unafunza kwamba theluji inayomfukia mtu haimalizii kwake. Kila anayefukiwa huwaita wengine waje waingie alipoingia yeye, nao huja.

Tatu, na pengine hili ndilo zito kuliko yote, upo ukimya. Katika misafara mingi iliyoangamia, alikuwamo mmoja aliyekuwa na shaka na hakusema. Alidhani wenziwe wanajua zaidi. Aliona haya kuharibu siku waliyoingoja kwa miezi. Alimtazama aliye mbele, ambaye naye, huenda, alikuwa akimtazama yeye wa nyuma na kuuchukua ukimya wake kuwa ridhaa. Hivyo watu wanne, kila mmoja na shaka yake, huweza kufanya uamuzi ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuamua. Lawama ya tendo kama hilo haina mahali pa kutua, na ndiyo maana ni ya wote.

Njia ya kujikinga, basi, haiwezi kuwa ujuzi peke yake, maadam ujuzi ndio unaonunuliwa na mazoea. Mwongoza misafara wa Uswisi, Werner Munter, alilitambua hilo. Alikuwa miongoni mwa waliowafunza watu kuichimba theluji na kuyapima matabaka yake, kisha akatambua kwamba shimo moja halisemi lolote la yakini kuhusu mahali palipo hatua chache pembeni. Katika miaka ya 1990 akapendekeza kanuni zilizokuwa nyepesi hata zikawachukiza wajuzi. Siku ya daraja la 2, usiingie mteremko wa nyuzi 40 au zaidi. Daraja la 3, usifike nyuzi 35. Daraja la 4, usifike nyuzi 30. Hakuna kusikiliza moyo wala kunusa upepo.

Wajuzi walikereka kwa sababu kanuni haiwaheshimu. Inawaweka sawa na mwanagenzi. Lakini humo ndimo ulimo wema wake. Kanuni iliyowekwa jioni, mezani, kabla ya uzuri wa asubuhi kupofusha, ni ahadi ambayo mtu amejiwekea nafsi yake ya kesho asiyoiamini. Tena ni ngao ya yule mwenye haya: hahitaji kusema kwamba anaogopa, wala kwamba kiongozi amekosea. Anasema tu kwamba mteremko huu ni wa nyuzi 36, na leo ni daraja la 3. Hapo unyenyekevu hauhitaji ushujaa wa pekee. Umeshageuzwa kuwa desturi.

Hata hivyo, kanuni haimwondolei mtu gharama ya mwisho. Anayeendelea mbele na kufika hupata ushahidi, japo wa uongo, kwamba alikuwa sahihi. Anayerudi hapati chochote. Theluji aliyoiacha huenda ikabaki palepale hadi ikayeyuka mwezi wa Mei; hatajua kamwe kama alijiokoa au alijinyima. Wenziwe huenda wakamcheka. Kundi jingine huenda likapita pale pale na kurudi na picha za kupendeza. Hakuna bondeni anayemsimulia mtu ambaye hakufa.

Ndiyo maana uamuzi wa kurudi ni kipimo cha maadili kilicho safi kuliko vingi: tendo jema lisilo na shahidi, lisilo na malipo, ambalo hata mwenye kulitenda hana hakika nalo. Jamii zote huimba sifa za waliothubutu wakashinda, na huwalilia waliothubutu wakashindwa. Bado haujatungwa utenzi wa waliogeuza skii zao wakati jua lingali linang'aa, wakashuka polepole kwa njia ndefu, na usiku ule wakala chakula cha jioni wote wanne.